Medusa hana mkia

Msomaji wetu mmoja anayechora hadithi za picha ameuliza hivi: "Mwalimu, shikamoo. Nimemchora Medusa. Kichwani nimemjaza nyoka, na kuanzia kiunoni kushuka chini nimemfanya nyoka mtupu, mkiani nikaweka vile vipete vinavyolia, kama nilivyozoea kumwona kwenye filamu na magemu. Mwenzangu akanicheka, akasema huyo ni Echidna. Akaja wa tatu akasema wote wawili hatujui kitu, mwanamke mwenye mkia wa nyoka anaitwa Lamia. Nani mkweli? Na mbona haya madude ya nyoka ya Wagiriki yote ni ya kike?"

Marahaba, kijana wangu. Mwenzako amepata, ila nusu. Nywele ulizochora ni za Medusa, sehemu ya chini ni ya Echidna kweli, na hilo kayamba la mkiani si la Mgiriki yeyote, nitalirudia baadaye. Yule wa tatu naye hakukosea sana, isipokuwa anayasema mambo ya juzi kana kwamba ni ya kale.

Ninapofundisha habari hizi huwaambia wanafunzi wasihangaike kwanza na majina, maana yanachanganya na kila mshairi ana yake. Tazama nyoka amekaa wapi mwilini. Kwa Medusa, nyoka wako kichwani. Kwa Echidna, nyoka yuko chini ya kiuno. Kwa Lamia wa zamani, nyoka humwoni kabisa. Yumo ndani, na utamjua siku ya harusi, wageni wameshaketi. Mahali alipo nyoka ndipo kisa chenyewe kilipo. Wachoraji wa leo wamewashusha nyoka wote mkiani, basi wahusika watatu wakawa mmoja.

Tuanze na Medusa, yule ambaye anayemtazama hugeuka jiwe, kwa kuwa ndiye aliyeleta kesi.

Katika tenzi za Homer, ambazo ni kongwe kuliko zote za Wagiriki tulizonazo, Medusa hana mwili wala jina. Kuna kichwa tu, cha Gorgon, yaani zimwi la kike la kutisha. Kimo kwenye ngao ya mfalme Agamemnon, kimo kwenye vazi la kivita la Zeus, mkuu wa miungu, ambalo mungu wa kike Athena hulivaa, na shujaa Odysseus aliyekwenda kuzungumza na wafu anakatiza mazungumzo na kukimbilia merikebuni kwa hofu kwamba Persephone, malkia wa kuzimu, atamtolea kichwa hicho. Mshairi Hesiod, karibu mwaka 700 KK, ndiye anayekipa kichwa ukoo. Gorgon ni ndugu watatu, Sthenno, Euryale na Medusa, mabinti wa Phorcys na Ceto wa baharini. Wawili hawafi wala hawazeeki. Medusa peke yake ni wa kufa, na Hesiod anamhurumia kwa hilo. Poseidon, mungu wa bahari, analala naye kwenye majani laini katikati ya maua. Kisha shujaa Perseus anamkata kichwa, na hapo wanaruka wawili, farasi Pegasus na Chrysaor mwenye upanga wa dhahabu. Kuhusu mkia, hakuna hata neno moja.

Sasa tazama sanamu. Katika kisiwa cha Corfu kulikuwa na hekalu la Artemis lililojengwa karibu mwaka 580 KK, na ule uso wa pembetatu uliokaa juu ya nguzo zake leo umo katika jumba la makumbusho la kisiwani humo. Katikati yupo Medusa, mkubwa kuliko wote waliomzunguka. Goti moja karibu liguse chini, kwa maana hivyo ndivyo wachongaji wa enzi zile walivyomwonyesha mtu anayekimbia. Ana miguu miwili, mapaja manene yenye misuli, vazi fupi, mbawa mgongoni, macho ya kutoka. Kichwani nyoka wanachomoza. Na kiunoni, hapo hapo ulipoanzia mkia wako, kuna nyoka wawili waliofungwa kama mshipi: wamepigana fundo tumboni na vichwa vyao vinatazamana. Kwa hiyo kiunoni nyoka wapo, ila wamevaliwa. Pembeni wamesimama Pegasus na Chrysaor, watoto waliozaliwa alipokatwa kichwa, na kichwa chenyewe bado kiko shingoni! Mchongaji hakujali. Alitaka kisa chote kionekane kwa mara moja, na wewe mchora hadithi za picha nadhani unamwelewa vizuri kuliko mimi.

Kuna jambo la ajabu zaidi Paris, katika makumbusho ya Louvre. Ni mtungi mkubwa wa udongo wa karne ya 7 KK kutoka Boeotia. Perseus amegeuza uso pembeni, upanga umeshafika shingoni mwa Medusa. Medusa huyo amevaa gauni refu kama mwanamke yeyote, na nyuma ya gauni umeungwa mwili wa farasi, na miguu yake ya nyuma na mkia wake. Farasi! Labda kwa sababu Poseidon ni mungu wa farasi pia na Pegasus ni mtoto wao. Nakutajia hili ili ujue kwamba Wagiriki wenyewe walikuwa wakijaribu sura. Mwongozo mmoja wa kumchora Medusa hawakuwa nao. Lakini hata walipojaribu, kumfanya nyoka kuanzia kiunoni si njia waliyoishika.

Apollodorus, aliyekusanya visa hivi wakati wa utawala wa Warumi, anawaelezea Gorgon hivi: vichwa vilivyozungukwa na magamba ya majoka, meno makubwa kama ya nguruwe, mikono ya shaba, mbawa za dhahabu. Orodha ndefu, na mkia haumo. Katika sanaa ya zamani zaidi anatoa ulimi nje na mara nyingine ana ndevu. Uzuri ulimjia polepole. Mshairi Pindar, katika wimbo wa mwaka 490 KK, tayari anamwita Medusa mwenye mashavu mazuri, na wachongaji wa baadaye wakaufuata mkondo huo mpaka ukapatikana ule uso mzuri, mtulivu, unaouona kwenye nembo ya Versace, kampuni ya mavazi. Fulana za mtumba zenye uso huo umeshakutana nazo. Hakuna anayeuogopa tena.

Na hapa nikuonye kuhusu kitu kimoja kinachosambaa sana mitandaoni. Utaambiwa kwamba "kisa halisi" ni hiki: Medusa alikuwa msichana mzuri, Poseidon akambaka hekaluni mwa Athena, na Athena badala ya kumwadhibu mbakaji akamgeuza msichana nywele zake kuwa nyoka. Hiki ni kisa cha Ovid, Mrumi, aliyeandika karibu mwaka 8 BK, yaani miaka mia saba hivi baada ya Hesiod. Kwa Hesiod, Medusa kazaliwa Gorgon. Simaanishi kwamba cha Ovid ni cha uongo. Visa hivi havina mwenye hatimiliki, na ni hicho kilichozaa kazi nyingi nzuri za wakati wetu. Luciano Garbati, msanii wa Argentina, alitengeneza mwaka 2008 sanamu ya Medusa akiwa ameshika upanga mkono mmoja na kichwa cha Perseus mkono wa pili, na mwaka 2020 ikasimamishwa New York mbele ya mahakama ya jinai. Watu walibishana sana. Mimi nilichokiona kwanza ni kwamba anasimama kwa miguu yake.

Sasa mkia umetoka wapi? Umetoka karibu sana. Mwaka 1974 Marekani ulitoka mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, ule ambao wachezaji wanaigiza wahusika na kurusha kete, na kijitabu chake cha mazimwi kilimweleza medusa kuwa na kichwa na kifua cha binadamu na sehemu ya chini ya nyoka. Ona pia kwamba jina la mtu mmoja lilishakuwa jina la kabila zima. Mchezaji anaweza kukutana na medusa watatu mchana na wengine wawili jioni. Halafu mwaka 1981 ikaja filamu ya Clash of the Titans. Fundi wa mazimwi wake alikuwa Ray Harryhausen, aliyekuwa akitengeneza sanamu ndogo na kuzisogeza kidogo kidogo, picha moja baada ya nyingine, mpaka zionekane zinaishi. Medusa wake anajikokota kwa mikono gizani, ana upinde na mishale, na mkiani ana kayamba. Onyesho lile likawaingia watu kichwani na halijatoka mpaka leo.

Kayamba lile ndilo hilo lako. Nyoka mwenye kayamba mkiani anapatikana katika bara la Amerika peke yake, na Mgiriki wa kale hakuwahi kumsikia akilia. Kwenye filamu linafanya kazi nzuri, kwa sababu unasikia kabla hujaona, na kwa Medusa kuona ndiyo hatari yenyewe. Lakini ujue ni kionjo cha Kimarekani.

Basi twende kwa Echidna, ambaye mimi binafsi nampenda kuliko wote, na ambaye filamu zimemdhulumu.

Neno lenyewe kwa Kigiriki ni nyoka mwenye sumu wa jamii ya kifutu. Hesiod anasema nusu yake ni msichana mwenye macho maangavu na mashavu mazuri, nusu ni nyoka mkubwa wa kutisha, mwenye madoadoa, anayekula nyama mbichi ndani ya pango chini ya ardhi. Hazeeki wala hafi. Apollodorus, aliyekuja baadaye sana, ndiye anayesema aliuawa usingizini na Argus wa macho mengi. Kazi yake Echidna si kupigana. Kazi yake ni kuzaa. Kwa mumewe Typhon alimzaa Orthus, mbwa wa jitu Geryon. Akamzaa Cerberus, mbwa wa kuzimu, ambaye Hesiod anampa vichwa hamsini. Akamzaa Hydra wa Lerna, joka la vichwa vingi. Chimera naye huhesabiwa humo, ingawa Kigiriki cha Hesiod hapo kina utata na wasomi wanabishana ni nani hasa mama yake. Karibu kila zimwi ambalo mashujaa wa Kigiriki walijipatia jina kwa kuliua limetoka tumboni mwa huyu mama au kwa wanawe. Ndiyo maana nyoka wake yuko chini ya kiuno: hapo ndipo uzazi ulipo. Na damu haipotei. Chimera kwa Homer mbele ni simba, katikati mbuzi, nyuma nyoka. Cerberus katika michoro mara nyingi ana mkia wa nyoka. Ukimchora mtoto wa Echidna, mtafutie mahali pa kumficha mama yake.

Kisa ninachokipenda zaidi amekiandika mwanahistoria Herodotus, karne ya 5 KK, katika kitabu chake cha nne. Anasema aliwasikia Wagiriki wa pwani ya Bahari Nyeusi wakikisimulia. Shujaa Heracles anawaswaga ng'ombe wa Geryon, anafika nchi ya Waskithi, kaskazini mwa bahari hiyo, wakati wa baridi kali, anajifunika ngozi ya simba na kulala. Kuamka, farasi wake hawapo. Anazunguka nchi nzima mpaka katika pango moja anamkuta kiumbe: kuanzia makalio kwenda juu mwanamke, kwenda chini nyoka. Heracles anamshangaa, kisha anauliza swali la mtu aliyepotelewa na mali: umewaona farasi wangu? Ninao mimi, anajibu yule mwanamke, na sikupi mpaka ulale nami. Heracles akakubali. Na bibi yule akawa hana haraka ya kuwarudisha farasi, maana alitaka mgeni akae. Walipoachana alimwambia, nina watoto wako watatu tumboni, nifanye nini nao wakikua? Heracles akamwachia upinde na mshipi: atakayeweza kuuvuta upinde huu kama ninavyouvuta mimi, mpe nchi. Wawili walishindwa wakafukuzwa na mama yao. Mdogo, Scythes, akaweza, na wafalme wa Waskithi wakatokana naye.

Mtazame mwanamke huyu. Hakuna anayemuua. Hamgeuzi mtu jiwe. Ana nchi, ana madai, anapatana bei, na analea wanawe peke yake mpaka anampata mfalme. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, wahenga walisema, na huyu hakumla Heracles hata kidogo. Kama unatafuta mhusika wa nyoka kwa hadithi yako na umechoka na wa kukatwa kichwa, nakushauri umchukue huyu. Pango, ng'ombe, mgeni, mahari ya farasi: hata msomaji wa Singida ataona kama anaijua nyumba hiyo.

Lamia sasa. Kwa Wagiriki alikuwa kwanza jina la kuwatishia watoto wasiolala. Mwanajiografia Strabo anamtaja waziwazi pamoja na Gorgo, yaani Gorgon, katika orodha ya vitisho vya watoto. Kisa chake kinasema alikuwa malkia mzuri wa Libya, Zeus akampenda, Hera mke wa Zeus akawaangamiza watoto wake, naye kwa uchungu na wivu akawa anawanyakua watoto wa wenzake. Hakupata usingizi. Ndipo wanaposimulia kwamba aliweza kuyatoa macho yake. Mwandishi Plutarch anasema akiwa nyumbani hulala kipofu, macho ameyahifadhi kwenye chombo, na akitoka huyavaa. Kisha Plutarch anawageukia watu wambea na kusema hivyo ndivyo walivyo, vipofu kwao na macho makali kwa jirani. Katika yote hayo nyoka yuko wapi? Hayupo. Lamia wa kwanza ni mama aliyefiwa.

Nyoka anaingia kwa mlango wa nyuma. Dio Chrysostom, mwanzoni mwa enzi za Warumi, anasimulia juu ya wanyama wa jangwani Libya wenye uso na kifua cha mwanamke mzuri kuliko wote na sehemu ya chini ya nyoka, inayoishia kwa kichwa cha nyoka. Hawasemi, wanafyonya hewa tu kama nyoka afanyavyo. Wanaonyesha kifua, mwanamume anasogea, anaumwa. Jina la Lamia halitaji humo, lakini wengi baada yake wameviunganisha. Kisha Philostratus, karne ya 3 BK, anatuletea kisa cha Corinth. Kijana Menippus amempenda mwanamke tajiri aliyekutana naye njiani, anayejidai Mfoinike, na harusi imepangwa. Mwanafalsafa Apollonius wa Tyana anamwambia wazi kwamba anamkumbatia nyoka, na nyoka anamkumbatia yeye. Anakwenda kwenye karamu ya harusi, anauliza dhahabu na fedha hizi zilizopambwa humu ni za nani, na mara vikombe vinatoweka, wapishi wanatoweka, watumishi wanatoweka. Bibi harusi analia, mwishowe anakiri: alikuwa akimnenepesha kijana ili amle, kwa kuwa damu ya vijana ni safi. Philostratus anasema watu humwita kiumbe wa namna hii lamia.

Msomaji wa Pwani hapo ameshatabasamu. Jini mahaba, atasema, huyu tunamjua. Tofauti ni kwamba wa Corinth ana njaa ya tumbo.

Unaona nyoka ni neno la onyo tu. Karamuni hakuna aliyeona gamba. John Keats, mshairi Mwingereza, ndiye aliyelifanya onyo kuwa mwili. Utenzi wake wa mwaka 1820 unaanza na Lamia akiwa nyoka kweli, mwenye madoa mekundu, dhahabu, kijani na buluu, anayeomba kupewa umbo la mwanamke. Lakini hata kwa Keats ni ama nyoka ama mwanamke, si nusu kwa nusu. Na katika kitabu cha wanyama cha Edward Topsell cha mwaka 1607, Lamia ana miguu minne, magamba mwili mzima, makucha mbele na kwato nyuma, na uso wa mwanamke. Michezo ya mezani ya miaka ya 1970 ilimfuata huyo wa miguu minne. Lamia mwenye kiuno cha mwanamke na mkia mrefu wa nyoka, anayemsema mwenzako wa tatu, amekuzwa zaidi na wachoraji wa magemu na katuni, hasa wa Japani, ambako jina hilo sasa ni la aina nzima ya viumbe. Ukiandika Lamia kwa maana hiyo, wachezaji watakuelewa. Plutarch hatakuelewa.

Mkia huo huo umepewa jina lingine pia, naga, katika magemu kama ya Warcraft, ambako naga ni taifa la baharini lenye mikia. Hao wametoka India, hawahusiki na Wagiriki, na kule kwao naga ni viumbe wa heshima wanaoabudiwa hadi leo. Usiwachanganye bila sababu.

Mbona wote ni wa kike? Si wote. Typhon, mume wa Echidna, ana nyoka mwilini na ni dume. Cecrops, mfalme wa kwanza wa Athens katika visa vyao, alikuwa mtu juu na nyoka chini, na alikuwa mfalme mwema, Waathene walijivunia. Katika madhabahu ya Pergamon iliyoko Berlin, majitu mengi yanayopigana na miungu yana miguu inayoishia kuwa nyoka, na ni wanaume, wengine wenye ndevu. Lakini nakubali kwamba waliobaki vinywani mwa watu ni wanawake, na kuna mahali tunaweza kuona jinsia ikibadilishwa waziwazi. Katika utenzi wa kale wa kumsifu Apollo, joka alilolipiga mishale Delphi ni jike, halina jina, na ndilo lililomlea Typhon kwa ombi la Hera. Apollo akaliambia lioze hapo, na mahali pakaitwa Pytho kutokana na kuoza huko. Waandishi wa baadaye wakalifanya dume na kuliita Python. Jina la kisayansi la chatu wetu limetoka hapo. Kwa hiyo jike linaweza kugeuzwa dume, pale shujaa anapohitaji mpinzani mwenye hadhi.

Maoni yangu ni haya. Nyoka kwa Mgiriki alikuwa kwanza mlinzi wa kitu kilichoko ardhini: chemchemi, pango, kaburi, nyumba. Herodotus anasimulia kwamba Acropolis ya Athens ilikuwa na nyoka mlinzi aliyepelekewa mkate wa asali kila mwezi, na mwaka 480 KK, Waajemi wanakaribia, mkate ulikutwa haukuliwa. Watu wakasema mungu wa kike ameshauhama mji, wakafunga virago upesi. Ardhi kwao ni mama. Anayetoka ardhini akiwa na nyoka, basi, anafikiriwa mwanamke kirahisi, tena mzazi. Ongeza kwamba waliosimulia walikuwa wanaume, wakiwasimulia vijana wa kiume namna ya kuwa shujaa. Na damu ya nyoka huyo ina pande mbili: Apollodorus anasema Asclepius, mganga, alipewa na Athena damu ya Gorgon, ya mishipa ya kushoto ikaua na ya kulia ikaponya.

Na sisi huku tumo kidogo katika kisa hiki, upende usipende. Ovid anasema Perseus alipokuwa akiruka juu ya Libya na kichwa mkononi, matone ya damu yalianguka mchangani, na ndiyo maana nchi ile ina nyoka wengi. Libya kwa watu wa kale haikuwa nchi ya leo yenye jina hilo. Ilikuwa Afrika, kadiri walivyoijua. Swila na koboko wetu, kwa hesabu ya mshairi huyo, ni wajukuu wa Medusa.

Sasa mchoro wako. Ukitaka kuuacha na mkia, uache. Ni sura ya miaka hamsini hivi sasa na ina haki yake. Kayamba ningelitoa. Lakini kuna kosa lingine hukuniuliza ambalo nimeliona kwenye picha uliyoambatisha: umemchora kwa ubavu, na machoni pake unatoka mwali unaompiga askari. Visa vya kale havisemi hivyo. Hageuki jiwe anayetazamwa na Medusa. Anageuka anayemtazama Medusa, na ndiyo maana kichwa kiliendelea kufanya kazi hata baada ya kukatwa. Perseus alikitoa mkobani kule kisiwani Seriphos na mfalme Polydectes akawa jiwe. Wachoraji wa Kigiriki, ambao karibu kila mtu walimchora kwa ubavu, Gorgon walimgeuza uso mbele. Yule wa Corfu anakimbia pembeni lakini anakutazama wewe uliyesimama chini. Na kwenye vikombe vyao vya divai walimchora ndani, chini kabisa, ili mnywaji anapomaliza akutane naye uso kwa uso. Ukurasa huo uchore upya: mgeuze.